Kizibo cha Ghislaine

Kizibo cha kioo kiligoma kutoka chupani. Mkurugenzi wa kiwanda alikivuta mpaka masikio yakamwiva. Kristali yao, kioo cha thamani, ilikuwa imewanywesha wafalme mvinyo. Leo ilikuwa na manukato kwa mara ya kwanza, na mtengenezaji wa manukato hayo alikuwa amekuja kutoka Paris kunusa.

"Nani kakisaga hiki kikabana hivi?" mkurugenzi akafoka.

"Mimi," akasema Ghislaine. "Miaka thelathini navisaga vitoshee shingoni, hakijavuja hata kimoja."

"Basi kifungue, mama!"

Shingo ya chupa ilitaka joto tu ilegee. Ghislaine akaibana chupa kwapani, akatulia kama kuku anayeatamia. Kizibo kikachomoka: po!

Mgeni wa Paris akasogeza pua, akafumba macho. "Kuna kitu hapa sikukitia mimi."

Mkurugenzi akajishika kichwa.

"Kitamu mno!" akasema mgeni. "Ni nini?"

Ghislaine akabana makwapa yake, akatazama dari.