Pini ya Wembe wa Burma

Msumari wa pili ulipopinda, Bhoke alikwenda tena mlangoni kuangalia jua.

"Kaa, mama," alisema fundi Okello. "Jua halijui kutoa pini."

Hakukaa. Kwao walikuwa wanangoja kichwa cha kwanza. Katika ukoo ule, baada ya maziko nyumba nzima hunyolewa siku moja, na hakuna anayegusa maji ya kunyolea kabla mtoto wa kwanza wa marehemu hajanyolewa. Jua likizama hajanyolewa, kifo hubaki ndani ya nyumba, kikichagua mwingine. Wembe wa kuazima haukubaliki, kwa sababu huja na misiba ya watu wengine. Nao walikuwa na mmoja tu, wembe wa kukunja uliorudi kutoka vita ya Burma. Mpini wake ulikuwa umepasuka na kuubana usifunguke.

Mpini mpya wa pembe ya ng'ombe Okello alikwisha kuuchonga. Kilichobaki ni kuitoa pini ya zamani iliyoushika wembe kwenye mpini. Alikuwa amekata kichwa chake kwa tupa, akaulaza wembe juu ya nati ili pini ipate tundu la kuangukia, kisha akagonga kwa msumari. Haikusogea. Misumari ilikuwa laini mno, na sindano ya magunia ilikatika mara moja.

"Wembe wa nani huu?"

"Wa mume wangu."

Okello alizitazama nywele zake zisizochanwa, akashusha sauti, akampa pole ya msiba. Bhoke aliitikia akiangalia chini. Fundi aliugeuza wembe. Kuna mtu, alisema, aliyeuparua kwa msumari. Mikwaruzo bado ilikuwa myeupe.

"Ni yeye. Alijaribu mwenyewe, akashindwa."

"Maskini," alisema Okello.

Hapo askari Benedicto aliingia akisukuma baiskeli, vumbi la barabara ya Sirari limemjaa hadi kwenye kope. Okello alimuuliza kama amekwisha kumpata mwizi wake wa ng'ombe. Askari alisema bado, na kwamba amechoka kulala porini.

"Mtu ana ndevu mpaka kifuani na hamumwoni," Okello alimcheka. "Au mnakamata mabeberu mnawaachia?"

"Wewe gonga chuma chako, Mjaluo."

Bhoke alimkatiza, akamwomba fundi atafute kifaa kingine, chochote. Mikono yake ilikuwa inasokota pindo la kanga na kulisokotoa. Askari alimtazama, akauliza huyu mama ana nini. Okello alimnong'oneza kwamba amefiwa na mume na leo ni siku ya kunyoa, na wembe ndio ule.

Benedicto alivua kofia. Kwao Nyanungu, alisema, walipomzika kaka yake wembe ulichelewa, na mama yake hakulitaja jina la marehemu mwaka mzima. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akafungua spoku moja.

"Jaribu hii. Hii haipindi."

Okello aliikata fupi, akaisawazisha ncha kwa tupa mpaka ikawa bapa, akaishika kwa koleo juu ya pini. Akagonga. Akagonga tena. Pini ikadondoka ndani ya nati. Bhoke aliketi, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Pini mpya ya waya wa shaba haikuchukua muda. Wembe ulifunguka na kufungwa bila kelele. Askari alimwambia Bhoke akimbie, na wenzake wakimsimamisha darajani aseme Benedicto amemruhusu.

Walimsimamisha. Alisema hivyo, wakampisha.

Lakini alipofika njia panda ya nyumbani hakushika njia ya nyumbani. Alipanda kwenye majabali, kibuyu cha maji kikimgonga kiunoni, akapiga mluzi. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa vilima. Mwanamume alitoka kati ya mawe mawili, akapiga magoti mbele yake.

"Baba yako yuko udongoni na ndugu zako wote wanakungoja," alisema Bhoke. "Tuanze na ndevu."

Mume wake aliugeuza wembe mkononi, akauliza fundi alitumia nini kuitoa pini ile.

"Spoku," alisema Bhoke, akimwinua kidevu. "Ya baiskeli ya yule askari anayekutafuta."