Mkanda wa Baba Kijacho

Siku hizi mateke ya mtoto aliye tumboni huyasikia baba. Mke akishika mimba, kliniki humfunga mumewe mkanda, na tangu hapo tumbo la mama hutulia kama maji mtungini. Kichefuchefu ni changu, kiungulia ni changu, na udongo wa kutafuna naununua mwenyewe sokoni bila aibu.

Kila jioni mke wangu, Tatu, huniuliza, "Baba kijacho, amecheza leo?" Namsimulia, naye hufumba macho akatabasamu, kama anayepewa habari za mji asiowahi kufika.

Leo asubuhi maseremala wenzangu walinicheka nilipotapika juu ya maranda. Nikauvua mkanda, nikautia kwenye mfuko wa misumari.

"Amecheza?" Tatu aliuliza jioni, akichambua mchele.

"Sana."

Niliingia chumbani nikajifunga tena ule mkanda. Nilikunywa maji ya baridi, nikalalia ubavu wa kushoto, nikangoja. Mkanda ulitulia kama maji mtungini. Nesi alituambia sisi wanaume: mtoto akinyamaza, msingoje kesho.

Nilitoka na kadi ya kliniki mkononi. "Tatu, vaa viatu."

Aliniangalia, mchele ukimwagika vidoleni. "Si umesema amecheza sana?"