Mnara Wenye Sahani

"Na hapa, mama, wageni watajisuuza wakitoka baharini," Mwantumu alisema kwa majivuno, akimsogezea picha kwenye simu.

Ulikuwa mnara mkongwe wa mawe ya matumbawe, umepachikwa sahani ya maua ya buluu. Aliukuta vichakani Kilwa, akaupenda, akauchora katikati ya nyumba za mapumziko alizozibuni, zenye makuti na milango ya nakshi. Akaagiza utiwe bomba.

Mama yake, aliyeletwa Iringa akiwa bibi harusi na hajarudi pwani tangu hapo, aliikuza ile sahani kwa vidole. Kisha akavuta khanga kichwani, kama mtu anayeingia msibani.

"Nani amelala hapo?"

"Amelala wapi, mama?"

"Kwetu mnara wa sahani si urembo. Unasimama kichwani pa marehemu. We mtoto, umewapa watu kaburi wakaogee!"

Mwantumu aliinama kuitazama tena ile picha. Simu ikaita mkononi mwa mama. Alikuwa fundi wa Mwantumu, ambaye alimtoa Igawa, huko bara, akasimamie ujenzi Kilwa.

"Dada," alisema Mwantumu alipopokea, "tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba pale mnarani. Njoo. Njoo mwenyewe."