Moshi wa Uji

Skolastika aliziba dirisha kwa kanga iliyolowa, akapuliza mkaa kidogo kidogo ili moshi usitoke. Ilikuwa asubuhi ya Ramadhani, na katika nyumba ile ya vyumba sita Wakristo walikuwa yeye na mwanawe Kizito tu. Mwenye nyumba alishamwambia kwamba akiona tena moshi mchana, atamhamisha. Lakini Kizito alikuwa na homa, na dawa yake hainywewi tumbo likiwa tupu.

Mlango ukagongwa.

"Skola, fungua. Harufu nimeisikia."

Alikuwa Bi Mwanakombo, jirani. Aliingia, akatazama sufuria, akamtazama mtoto kitandani. Akalibeba jiko na sufuria yake, akatoka nalo uani.

 Anakwenda kumwonyesha mwenye nyumba, Skolastika aliwaza.

Akachungulia pembeni mwa kanga. Bi Mwanakombo alikuwa ameliweka jiko mbele ya mlango wake mwenyewe, analipepea, moshi unapanda wazi.

Mwenye nyumba akaja mbio, pindo la kanzu amelishika mkononi. "Bi Mwanakombo! Saa nne hii unapika nini?"

"Uji. Nina sukari, daktari kanikataza kufunga."

"Jana si ulikuwa umefunga?"

"Jana ilikuwa jana, mzee wangu."

 Mzee akaligeukia dirisha lililozibwa.

Kitandani Kizito aliinua kichwa. "Mama, uji wangu uko..."

Skolastika akamziba mdomo kwa kiganja. Huko nje, Bi Mwanakombo aliacha kupepea.