Bwawa la Mvivu

Chura alikuwa mzima kabisa. Alikaa ukingoni mwa bwawa la pili, akimtazama meneja wa mgodi kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji msumbufu.

"Humu hajawahi kuishi hata mbu," meneja alisema.

Mgodi ulikuwa umefungwa miaka sita, lakini maji yake hayakuwa na habari. Yaliendelea kuvuja kutoka kwenye mashimo, mekundu kama kutu, makali ya kutoboa ndoo, yakijaza mabwawa mawili yaliyopakana kabla ya kuteremka mtoni. Kila bwawa lilikuwa na mhudumu wake. Kazi ilikuwa moja: kuchota ule utando wa kijani unaoota juu, ili wakubwa wakija wakute usafi.

La kwanza lilikuwa la Jembe. Alifika kabla ya mlinzi kufungua geti, akachota mpaka mgongo ukaomba likizo.

La pili lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye watu walimwita Kitanda na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kitanda alichota siku ya kwanza ya ajira, akatafakari, akaona inatosha.

Sasa ofisi ilitaka kubaki na mhudumu mmoja. Jembe alikuwa ameshanyoa ndevu kwa ajili ya kupongezwa.

Mtaalamu wa maji, mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini, alitumbukiza kipimo kwenye bwawa la Jembe. Asidi ile ile ya miaka yote. Akatumbukiza kwenye la Kitanda, akakikung'uta kipimo, akatumbukiza tena. Kisha akavuta tope la chini. Lilikuwa jeusi tii, linanuka mayai viza. Meneja alirudi nyuma hatua tatu. Mtaalamu alivuta pumzi kama aliyeletewa maua.

"Huu mwani wa kijani ndio umeyaponya maji," alisema. "Ukifa unazama. Huko chini kuna vijidudu vinaula, na vikishiba vinageuza salfa ya kwenye maji kuwa huu uvundo. Uvundo unakinasa chuma cha kwenye maji, vinaganda pamoja kuwa tope, na asidi inapungua. Ukiuchota mwani, vijidudu vinalala njaa."

"Kwa hiyo yule mchapakazi..."

"Amekuwa akivinyima chakula."

"Na huyu mvivu?"

"Ameuokoa mto."

Kitanda, aliyekuwa ameamshwa ili ahojiwe, alijifuta mate kidevuni.

"Mimi nilihisi tu, bosi," alisema kwa unyenyekevu. "Kuna kazi zinataka utulivu."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na barua ya ajira ya kudumu na kiti cha kuegemea. Jembe alipewa mkono wa kwaheri.

Dada mtu alikuja mbio kutoka nyumbani. Alimkuta kaka yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Kaka, usilie mbele ya watu," alimnong'oneza. "Hata mimi niliyeolewa naye sielewi."

"Miaka minne, dada. Miaka minne sijakosa hata siku moja!"

"Najua. Na yeye hajakosa hata usingizi mmoja."

Walikuwa bado wamekaa hivyo mtaalamu aliporudi, amekunja uso, daftari mkononi.

"Samahani, kaka. Kuna jambo linanitatiza. Tope la bwawa la shemeji yako lina kina mno. Bwawa dogo vile haliwezi kuotesha mwani wote ule, hata lingepewa miaka kumi." Alimtazama Jembe. "Huo uliokuwa ukiuchota hapa kwako, ulikuwa unaupeleka wapi?"

Jembe alitazama chini. Akamtazama dada yake.

"Bwawani kwa shemeji," alisema. "Kila mchana, akishaanza kukoroma. Nilitaka afukuzwe."