Mlima wa Kigen

Ndani ya treni kila mtu alikuwa na fulana ya mikono mifupi, isipokuwa Nuha na mwanawe Hudhaifa. Wao walikuwa wamevaa makoti ya theluji, glavu na ile miwani mikubwa ya kutelezea mlimani. Jasho liliwatiririka.

"Mamii, it's hot," Hudhaifa alilalamika.

"Vumilia, baba. Tunakaribia risoti."

Mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa mbele yao alitazama nje, akaliona jua la Machi lilivyowaka, akawatazama tena wale wawili, akahama kiti.

Yote yalianza na gari. Nuha, aliyekaa Irving, Texas, alikuwa ameshatangaza kwenye kundi la familia kwamba likizo hii wanakwenda Colorado kuteleza kwenye theluji. Wiki ya safari ilipofika, giaboksi ikafa, na akiba yote ikaishia kwa fundi. Swafwani, mumewe, alisema watu waambiwe ukweli, basi. Lakini Nuha alimfikiria wifi yake.

Nawal, dadake Swafwani, alikaa Stafford, upande wa Houston, Texas hiyo hiyo lakini mwendo wa saa nne kwa gari, na kila mwaka alirusha picha zake za theluji. Aliposikia Nuha naye anakwenda, alituma sauti: "Haya wifi, tutaona. Nyinyi wa Irving theluji yenu ni ya friza."

"Huyo dadako hanicheki mwaka mzima," Nuha alimwambia mumewe. "Likizo iko pale pale."

Ikawa likizo ya treni na basi. Risoti ya kwanza ilikuwa chumba cha baridi cha bucha ya halali. Mwenye bucha aliwaruhusu wasimame kidogo, pumzi zikitoka moshi, mapaja ya mbuzi yakiachwa nje ya picha. Ya pili ilikuwa uwanja wa barafu ndani ya jumba la maduka. Nuha akaandika kwenye kundi: "Leo tumepanda basi la bure tukatembelea risoti ya jirani. Mashallah, kila risoti na mlima wake!"

Nawal hakukubali kupitwa. Alijibu kwa video, wanawe wakirushiana theluji. "Na sisi tuko huku huku Colorado, wifi! Leo tumepanda mabasi mpaka tumechoka. Ukiteremka risoti hii, unapanda jingine la kwenda ile."

Swafwani aliitazama video, akairudia. "Theluji yao mbona kama ya kusaga?"

"Wivu huo, baba Hudhaifa. Theluji ya wenye pesa ndivyo ilivyo."

Balaa lilitoka Mombasa. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukaa na watoto wake wote mahali pamoja tangu wahame, aliweka sauti iliyojaa kicheko. "Wanangu, nimefurahi mno! Nimewaonyesha majirani wote mpaka wamenichoka. Sasa nataka picha moja tu, mko pamoja. Na msiniambie ni mbali. Nyinyi wenyewe mmesema mabasi ni ya bure."

Usiku ule Nuha hakupata usingizi. Kumzidi Nawal ulikuwa mchezo. Lakini mama mkwe alikuwa ametembeza simu mtaa mzima, na ukweli ukitoka, atakayefunga mlango kwa aibu ni yeye, mama wa watu, ambaye hajamkosea mtu.

Asubuhi alimwandikia wifi yake: "Wifi, tungekuja kwenu, lakini huku basi hazitembei. Theluji imefunga njia."

Jibu liliingia hata simu hajaiweka chini: "Hata huku, wifi! Hakuna kutoka. Poleni sana."

"Alhamdulillahi," Nuha akapumua. Mungu alikuwa amezifunga barabara za Colorado kwa ajili yake. Ikabaki kumtuliza Mama kwa picha moja safi, yenye mlima unaoonekana mlima.

Mlima huo ulikuwa mikononi mwa Kigen, Mkenya wa Eldoret aliyeendesha mashine ya kukwangulia barafu kwenye uwanja mmoja wa Plano, mji wa jirani na Irving. Kila akimaliza kukwangua, aliumwaga ule unga mweupe nyuma ya jengo, ukarundikana kuliko kichuguu.

"Kujeni tu," alimwambia Nuha kwa simu. "Lakini mapema, mama. Mlima wangu uko na wageni hii wiki."

"Wageni gani?"

"We kuja tu," Kigen akacheka.

Ndiyo treni ile, na baada ya treni, basi. Walipoteremka, Nuha alimfuta mwanawe jasho usoni, akamfunga koti mpaka shingoni, akampa busu la paji la uso.

"Ukifika juu, cheka sana. Nyanya anataka kukuona unavyofurahi."

Hudhaifa alitangulia mbio kuizunguka kona ya jengo. Mara Nuha akamsikia akipiga ukelele.

"Shangazi!"

Juu ya lundo, fimbo za skii mikononi na mtandio ukipepea, alisimama Nawal. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi kwenye lami, simu mkononi, akitafuta pembe ambayo mapipa ya taka hayataonekana. Watoto wao walikuwa wamevaa makoti mpaka puani, wametota kwa jasho. Gari lao la safari ndefu ya Houston lilikuwa limeegeshwa kando, mbali na macho ya majirani zao.

Mawifi wakatazamana. Hakuna aliyepepesa jicho.

Kisha Nawal akainama, akanyoosha mkono.

"Panda upesi, wifi, mlima unayeyuka. Mama anasubiri picha."