Marehemu Hukumbusha Asubuhi

Siku hizi mzee akikwepa chanjo ya nimonia, serikali humtumia marehemu wake amkumbushe. Mzee Shekivuli, fundi cherehani wa Lushoto, aliletewa sauti ya mkewe Nakijwa ndani ya kisanduku kilichofungwa ukutani, juu ya meko.

"Baba Sempoli! Ukungu wote huu, nawe umesimama mlangoni na fulana tupu kama kijana anayeposa? Nenda kachanjwe."

"Nitaenda kesho, mke wangu."

"Kesho yako imeota mvi. Mimi nami nilisema kesho, nimonia ikanibeba kwa siku nne."

Mzee alicheka mpaka machozi. Akamimina chai vikombe viwili kama zamani, kisha akanywa vyote mwenyewe.

Nesi Mwanaidi alipofika kwa mara ya saba, sindano ilikuwa tayari.

"Babu, ni dakika moja tu."

"Na huyu?" Mzee alikionyesha kisanduku kwa kidevu.

"Ukishachanjwa kazi yake imekwisha. Kinazimwa siku hiyohiyo."

"Basi rudi na sindano yako, mjukuu wangu. Kufiwa mara moja kumenitosha."

Julai baridi ilipokaza, kikohozi kilimwingia, kisha homa, kisha kichomi cha kumkunja. Asubuhi alijikokota hadi jikoni, akaketi chini ya kisanduku.

"Baba Sempoli! Ukungu wote huu..."

"Sema tena, Nakijwa," alinong'ona, mkono ubavuni.

Nakijwa akasema tena, maneno yaleyale, kwa kicheko kilekile.